Stesheni ya Moshi Juu ya Meza: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Sisi ni watu sita wa Moshi: maseremala wawili, mwalimu, fundi redio, na wengine wawili ambao kazi yao kubwa ni kupinga. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiijenga stesheni ya reli ya mji wetu kwa udogo, ikiwa na treni inayotembea, na kuisafirisha huku na huko watu waione. Maswali yanayokuja ni yaleyale, kwa hiyo tumeyaandika hapa pamoja na majibu.

Hii ndiyo SGR?

Hapana. Tunaulizwa hivyo hata kabla hatujamaliza kufunua turubai. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ina upana wa milimita 1,435 kati ya reli na reli. Yetu ni ile ya zamani, ya mita moja kamili, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 wakati wa Wajerumani. Ilitambaa kweli: ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Miaka 18 kwa kilomita zipatazo 352. Arusha walisubiri mpaka 1929, Mjerumani akiwa ameshaondoka na Mwingereza ndiye mtawala.

Kwa nini mahali halisi? Si rahisi zaidi kubuni mji wenu?

Ni rahisi mno, na ndiyo kasoro yake. Ukibuni mji hakuna wa kukubishia. Ukijenga Moshi, kila anayepita ni mkaguzi. Mama mmoja alisimama mbele ya meza yetu muda mrefu bila kuiangalia treni hata mara moja. Mwishowe akanyoosha kidole juu ya kona ya uwanja wa stesheni, akasema, "Hapa palikuwa na mti. Tulikuwa tunamsubiria baba hapo." Injini ni ya aina gani hakuuliza. Mti tuliupanda wiki iliyofuata, na tangu siku hiyo tunabeba daftari la kuandika wanayosema watu.

Mmeonyesha mwaka gani?

Oktoba 1962, asubuhi, kama saa kumi na mbili na nusu. Watu hucheka wakisikia tumechagua hadi saa, lakini hili ndilo swali tungependa kila anayeanza ajiulize kabla hajanunua hata msumari. Usipochagua mwaka utajikuta umeweka injini ya mvuke kando ya bodaboda, na mnara wa simu nyuma ya ghala la mkoloni.

Angalia jinsi reli hii moja ilivyobadilika. Mwaka 1912 kila kitu ni cha Kijerumani, na mwisho wa reli ni hapa Moshi. Mwaka 1916, vitani, Waingereza waliunganisha reli kutoka Voi, Kenya, hadi Kahe, na stesheni ya Kahe ikawa makutano. Kuanzia 1948 ni Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilichukua vyake na Tanzania ikaunda shirika lake. Halafu ikaja ile miaka mingi ambayo treni ya abiria haikuonekana kabisa, majani yakaota katikati ya reli. Desemba 2019 abiria walirudi Moshi, na 2020 treni ikafika tena Arusha. Kila kipindi kinaweza kuwa modeli ya kuvutia. Hata kile cha majani kuota kinavutia, na nadhani ndicho rahisi kuliko vyote, kwa sababu hakuna kinachotembea.

Sisi tulichukua 1962 kwa sababu tatu. Uhuru ulikuwa haujatimiza mwaka, kwa hiyo bendera mpya ilikuwa bado inang'aa. Oktoba ni msimu wa kahawa, na magunia ni mepesi kutengeneza. Tena ni mwezi ambao mijakaranda inachanua. Sababu ya nne ilijileta yenyewe baadaye. Mmoja wetu alikuwa ameandika DAR ES SALAAM kwenye kibao kidogo ubavuni mwa behewa, herufi za kuangaliwa kwa miwani, na alijivunia sana. Kumbe mwaka ule hapakuwa na reli ya kwenda Dar kutoka huku! Kipande cha kuunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, kutoka Mnyusi hadi Ruvu, kilikamilika 1963. Mtu wa Moshi mwaka 1962 aliweza kupanda treni kwenda Mombasa au Nairobi, lakini si makao makuu ya nchi yake mwenyewe. Kibao kilikwanguliwa kwa wembe, kikaandikwa TANGA. Sasa hicho ndicho kisa tunachokisimulia zaidi kwenye maonyesho.

Skeli yenu ni ipi?

Moja kwa 87. Maana yake kila sentimita 87 za kweli ni sentimita moja mezani. Mtu wa kimo cha kawaida anakuwa na urefu wa milimita 20 hivi, na behewa la mita 15 linakuwa na sentimita 17.

Skeli hii duniani inaitwa HO, na ndiyo yenye vifaa vingi kuliko zote. Lakini hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Reli ya HO unayoikuta kwenye maboksi ya treni za kuchezea ina upana wa milimita 16.5, ambao unalingana na ile reli pana ya milimita 1,435. Yetu ni ya mita moja. Gawa 1,000 kwa 87 upate 11.5. Kwa hiyo tunatumia reli ya milimita 12, inayouzwa kwa jina la HOm, ile herufi ya mwisho ikisimama badala ya mita. Waswisi wana reli nyingi za mita moja milimani kwao, ndiyo maana vifaa vya aina hii vipo. Nusu milimita inayozidi tumeisamehe.

Kama una reli ya milimita 16.5 tayari, labda ndugu alikuletea boksi kutoka Ulaya, usiitupe. Badili skeli badala ya reli. Kwenye moja kwa 60 reli hiyohiyo inakuwa ya mita moja karibu kamili. Majengo yatakuwa makubwa zaidi na utayajenga yote kwa mkono, lakini ni kazi ya kupendeza na macho hayaumii sana.

Kwa hiyo stesheni nzima imeingia hapo?

Haijaingia. Piga hesabu uone: njia ya Tanga hadi Moshi, kilomita 352, kwa skeli yetu ni zaidi kidogo ya kilomita nne. Moshi hadi Arusha peke yake ni karibu kilomita moja ya meza. Hata uwanja wa stesheni wenye urefu wa mita 500 ungekula karibu mita sita, na sisi tuna mita 4.8 tu, vipande vinne vya sentimita 120 kila kimoja.

Unachofanya ni kubana. Jengo tumeliacha na vipimo vyake, kwa sababu macho ya watu yanalijua. Tulichofupisha ni nafasi tupu: umbali kati ya jengo na ghala, urefu wa njia za pembeni, na idadi ya njia zenyewe. Treni ya kweli ya mabehewa kumi na mawili kwetu ina matano. Mpaka leo hakuna aliyelalamika kuhusu mabehewa. Kuhusu ule mti, ulishasikia.

Vipimo mlivipata wapi?

Kwa miguu, kwa picha na kwa wazee.

Kwanza ruhusa. Stesheni ni mali ya umma inayolindwa, na mtu anayezungukazunguka na futi kamba na kamera atahojiwa, na ni haki. Nenda ofisini kwa stesheni masta, jieleze, onyesha picha ya kazi uliyokwisha kuianza. Ukishakubaliwa, pima majengo kwa nje na usikanyage njia. Treni zikiwa chache watu huzoea ukimya, na hapo ndipo hatari ilipo.

Usipoweza kupima kitu, kipige picha kikiwa na kitu unachokijua. Mlango wa kawaida ni mita mbili na kidogo. Bati la mawimbi lina milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, kwa hiyo ukihesabu migongo unapata upana wa paa bila kupanda ngazi. Picha za setilaiti zinakupa urefu wa paa na jinsi njia zinavyopinda.

Kuna yale ambayo picha haiyaoni. Siku moja tulikuwa nje ya stesheni tunaandika, akaja mzee mmoja na mkongojo wake.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Tunaitengeneza stesheni, babu. Ndogo, ya kuweka mezani."

Alinyamaza kidogo. "Na kengele mmeiweka?"

Kengele gani? Akatueleza: kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, kinagongwa kwa chuma treni ikikaribia. Alituigizia mlio wake kwa mdomo, mara mbili, akachora chini kwa mkongojo mahali kilipokuwa. Kwenye modeli kengele ile ni kipande cha pini cha milimita tano kinachoning'inia kwa uzi mmoja wa waya wa simu. Fundi redio ameficha spika ndogo chini ya meza. Mlio wake si kama ule wa mzee, lakini tunaufanyia kazi.

Mbona Kilimanjaro ni picha tu? Kwa nini hamkuujenga?

Kwa sababu kwa skeli yetu Kibo, kilele kikuu cha mlima chenye mita 5,895, ingekuwa na kimo cha karibu mita 68, na ingesimama zaidi ya mita 350 kutoka mezani. Tungehitaji uwanja wa mpira na kibali cha ndege.

Ila swali la ukubwa wa picha ni zito, na wengi wanalikosea. Wanachora mlima mkubwa mno, kama ulivyo kwenye kalenda. Kutoka mjini Moshi hadi kileleni ni kama kilomita 31 kwa mstari mnyoofu, na mji uko kwenye mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari. Toa, gawanya, unapata kwamba mlima unapanda sehemu 16 kwa kila 100 za umbali. Mtazamaji wetu anasimama mita 1.2 kutoka kwenye pazia la nyuma, kwa hiyo kilele kinatakiwa kiwe sentimita 19 au 20 juu ya usawa wa macho. Basi. Tulipochora hivyo mara ya kwanza wale wapinzani wetu wawili walisema ni mdogo kama kichuguu. Tukatoka nje asubuhi, mmoja akanyoosha mkono na rula mbele ya jicho, tukapima. Hesabu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kichwani mwetu.

Na sasa aibu yetu. Pazia letu la kwanza lilichorwa kwa kufuata picha nzuri tuliyoipata kwenye intaneti. Theluji safi, mawingu mahali pake. Tulilipeleka kwenye maonyesho ya shule moja. Binti wa darasa la sita akasimama, akainamisha kichwa huku na huku, akasema kwa adabu, "Shikamooni. Mbona Mawenzi imehamia upande wa pili?"

Picha ilikuwa imepigwa Kenya, upande wa Amboseli. Ukiwa kule, Mawenzi, kilele cha pili, iko kushoto mwa Kibo. Ukiwa Moshi, iko kulia. Watu sita, wote wa Moshi, wenye kuuona mlima ule tangu kuzaliwa, na hakuna aliyegundua! Wazee wa Kichaga husimulia kwamba Kibo alimpiga Mawenzi kwa mchi kwa sababu ya kuja kuomba moto kila siku, ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Siku ile sisi ndio tuliostahili mchi.

Ndiyo pia sababu ya kuchagua asubuhi na mapema. Saa nne mlima umeshavaa mawingu, na hakuna anayetaka kuona pazia la kijivu.

Vifaa vinatoka nje vyote?

Reli, mota na magurudumu, ndiyo. Vingine karibu vyote ni vya hapahapa, na vingi ni vya bure.

Tuanze na bati, maana tunaulizwa sana. Migongo ya milimita 76 ukiigawa kwa 87 unapata milimita 0.87. Nenda duka la vifaa ununue boliti ndefu ya M5, ambayo nyuzi zake zinaachana milimita 0.8. Chukua foili nene ya kufunikia chakula, ilaze juu ya boliti, ikandamize kwa kijiti cha meno kufuata nyuzi, sogeza boliti, endelea. Kipande cha sentimita mbili kinachukua dakika chache. Paka rangi ya kijivu, kisha futa kwa kitambaa chenye rangi kidogo ya kahawia iliyotiwa maji, nayo kutu itakaa kwenye mabonde yenyewe. Sisi tuliviezeka kimoja kimoja, vikilaliana kama mabati ya kweli. Paa la ghala lilimaliza sikukuu zote za Pasaka.

Miti: mashina yaliyokauka ya maua ya mwembe, yale yanayoanguka baada ya embe kushika. Yana matawi membamba kama mti mzima. Yaanike juani siku kadhaa wadudu watoke, yachovye kwenye gundi nyeupe iliyotiwa maji, kisha nyunyizia sponji iliyosagwa na kutiwa rangi. Kwa mjakaranda ni zambarau iliyopauka, na usisahau kumwaga kidogo chini ya mti, kwa sababu Oktoba zulia la maua ni zuri kuliko mti wenyewe. Migomba ni karatasi iliyokatwa kwa mkasi wa kucha na kupasuliwa pembeni, maana jani la mgomba lisilochanwa na upepo halionekani la kweli. Nyasi ni vumbi la mbao kutoka karakana. Udongo ni udongo wa Moshi uliochekechwa kwa kichujio cha chai, na hatujaona rangi ya dukani inayoukaribia.

Kokoto za reli zina hadithi yake. Tulichukua mchanga mzuri mweusi kutoka mtoni, tukauchekecha, tukaumwaga kati ya mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, na kuugandisha kwa gundi. Ulipendeza mno. Baada ya siku mbili injini ikaanza kukwaruza, ya tatu ikasimama. Fundi redio aliifungua akakuta mota imeota ndevu. Mchanga wa huku ni wa volkano, una chembe za chuma, na mota ina sumaku. Sasa kila mchanga tunaupitishia sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Zinazoganda tunatupa, na tunarudia mpaka sumaku itoke safi. Ukiwa Arusha ni vilevile, Meru nayo ni volkano.

Kichwa cha treni mnanunua wapi?

Hakuna kiwanda kinachouza injini ya Moshi ndani ya boksi. Tulitaka ile ya mvuke ya darasa la 29, yenye magurudumu mawili madogo mbele, manane makubwa katikati na mawili nyuma, iliyopakwa rangi ya damu ya mzee. Tumefanya wanavyofanya wengi: chesesi na mota ni za injini ndogo ya TT, skeli ya moja kwa 120 ambayo reli yake pia ina milimita 12 kamili. Juu yake tumejenga bodi yetu kwa plastiki ya kadi za simu na bomba la kalamu. Kama kuna mtu karibu nawe mwenye mashine ya kuchapa maumbo ya plastiki, mwombe, utaokoa miezi.

Ukikagua kwa rula utakuta magurudumu yetu ni madogo kidogo. Tunajua.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Inaendelea. Treni hizi zinatumia volti 12 za mkondo mnyoofu, na volti 12 ziko kwenye kila bodaboda ya mji huu.

Tulijifunza kwa lazima. Mwenyeji mmoja alituahidi umeme na meza. Tulipofika, umeme ulikuwa kwenye jengo la jirani na meza zilikuwa za kuja kesho. Mmoja wetu alitoka, akarudi amekumbatia betri ya pikipiki. Toka siku hiyo hatubebi tena adapta peke yake. Betri, kidhibiti kidogo cha mwendo wa mota kutoka duka la vifaa vya elektroniki, na waya mbili, basi treni inatembea siku nzima.

Lakini sikiliza: weka fyuzi. Adapta ndogo ikipata shoti kwa kawaida hujizima yenyewe. Betri haina huruma, inamwaga umeme wote ilionao mpaka waya uwake. Behewa likianguka kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, magurudumu ya chuma yakagusa reli zote mbili, hiyo ni shoti tayari. Fyuzi ya ampea mbili karibu kabisa na betri inatosha.

Kwa nini treni inashtukashtuka?

Vumbi. Umeme unapita kwenye reli kwenda kwenye magurudumu, na kiangazi cha Moshi kinalala juu ya reli kila baada ya nusu saa. Kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti. Usitumie msasa, unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu zaidi.

Mnaisafirishaje?

Vipande vinne, kila kimoja sentimita 120 kwa 60, fremu ya mbao nyepesi na plaiwudi juu. Viwili viwili vinafungwa vikitazamana, uso kwa uso, kwa mbao za pembeni, kama sanduku. Vyote vinaingia kwenye Noah ukilaza viti vya nyuma, na dereva akiwa mtu wa kueleweka unafika Arusha bila mjakaranda kung'oka. Pima gari kabla ya kukata mbao. Tuna jirani aliyejenga kipande cha mita mbili, na kimebaki sebuleni kwake hadi leo.

Ukirudi nyumbani, usiviweke sakafuni. Wajerumani walitandika mataruma ya chuma kwenye reli hii kwa sababu mchwa wa huku wanakula mbao. Sisi tulilijua hilo, tulikuwa tunawaeleza wageni kila siku, kisha tukaegemeza kipande cha tatu ukutani stoo wakati wa masika. Mwezi Juni tulikiinua, fremu ikabaki mikononi kama biskuti iliyoloa chai.

Nataka kuonyesha yangu. Nijiandae vipi?

Anza na shule au ukumbi wa kanisa ulio karibu nawe. Viwanja vikubwa kama vya Nane Nane pale Themi, Arusha, ni vizuri, ila ni wazi, na vumbi la Agosti hujawahi kuliona mpaka uwe na reli za kufuta.

Kimo cha meza: sisi tunaweka sentimita 105. Mtu mzima anaona treni kwa ubavu, kama anayesimama jukwaani, badala ya kuiona kwa juu kama kunguru. Watoto wanapandishwa kwenye benchi. Weka kamba, umbali wa mkono mmoja.

Mwendo ndio unaoharibu maonyesho mengi. Treni ya kweli ya kilomita 40 kwa saa, kwa skeli yetu, inakwenda sentimita 13 kwa sekunde. Ni polepole kuliko unavyodhani. Kukatisha meza yetu yote inachukua zaidi ya nusu dakika. Vijana watapiga kelele, "Ongeza moto, mangi!" Usiongeze. Mpe mgeni muda wa kuona magunia ya kahawa, mpishi wa chai, na mbwa aliyelala kivulini.

Wala usiiache izunguke tu. Fuata mtiririko: kengele, treni ya Tanga inaingia, injini inakatwa, inakwenda kunywa maji, behewa la mizigo linasukumwa ghalani, treni inaondoka kwenda Arusha. Kwetu mzunguko mmoja ni dakika 11. Mwendeshaji akae saa moja tu, kisha apokelewe, na awepo mwingine ambaye kazi yake ni kuongea na watu. Mtu anayeendesha hawezi kuongea. Tulijaribu, injini ikaishia kwenye ndoo ya maua.

Mtoto wangu anataka kugusa.

Tuna duara dogo pembeni, reli ya plastiki, kwa kazi hiyo. Mezani hapana, samahani mama.

Watu wazima na treni za watoto?

Tumeulizwa na wake zetu kwanza.

Inagharimu kiasi gani?

Mbao, gundi, rangi na udongo ni kidogo, sawa na fedha ambayo mtu anaitumia kwenye mpira bila kuihesabu. Injini na reli ndizo zinazouma, na juu ya bei kuna usafiri na ushuru wa forodha, kwa hiyo ulizia kabla mzigo haujatumwa. Ushauri wetu: jenga jengo kwanza. Ukilimaliza na bado una hamu, nunua reli.

Mimi ni wa Arusha. Nifanye Moshi?

Kwa nini? Fanya Arusha. Tangu 1929 stesheni yenu ni mwisho wa njia, na mwisho wa njia ni rahisi kuonyesha kuliko stesheni ya kupita: treni inaingia upande mmoja tu, injini inakatwa, inazunguka kupitia njia ya pili, inafungwa upande wa pili, inarudi. Unahitaji meza ya mita mbili na nusu na pointi chache. Nyuma weka Meru, kaskazini mashariki. Na hapa tunawaonea wivu: Meru ina mita 4,566 tu, lakini iko kilomita 15 hivi kutoka mjini, kwa hiyo angani kwenu inaonekana ndefu kuliko Kibo angani kwetu. Kwa mtazamaji wa mita 1.2, kilele chake kikae kama sentimita 25 juu ya usawa wa macho.

Toka nje na rula kwanza.

Naweza kuja kusaidia?

Njoo Jumamosi baada ya saa nane mchana. Leta kitambaa na spiriti. Kama nyumbani kuna babu au bibi aliyewahi kupanda treni ya hapa, usimwache, na mtengee kiti mapema, kwa sababu tulivyo navyo vimejaa gundi.